SOMO LETU: MSWAKI, TUVUNE BILA KUUA



Hebu tuanze na swali. Ni kichaka gani kinachobaki kijani wakati wa kiangazi, hata kwenye udongo wa chumvi ambapo mahindi hayawezi kuota? Bila shaka wengi mmeshajibu: ni mswaki. Waturkana wanauita esekon. Unaota Lamu, Tana River, Garissa, hadi Turkana.

Faida zake tunazijua. Matunda yake madogo mekundu huliwa, na huko Turkana yanasaidia sana wakati wa njaa. Majani yana chumvichumvi, kwa hiyo ngamia na mbuzi huyapenda. Mizizi hushika mchanga na kingo za mito zisibebwe na maji. Tena vijiti husafisha meno, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka 1986.

Sasa shida iko wapi? Vijiti vingi vinavyouzwa sokoni ni vya mizizi. Ukichimba mzizi mkubwa, kichaka chote kinaweza kufa, na mswaki hukua polepole. Leo tunapata pesa karibu na nyumbani. Kesho tutatembea mbali kutafuta kijiti kimoja, na mbuzi watakosa majani. Huko siyo kujitegemea, ni kula mbegu.

Tufanye hivi:

1. Tukate matawi badala ya kung'oa. Shina likibaki, linachipua tena. Anayetaka mizizi achukue mmoja mdogo wa pembeni, kisha afukie shimo.

2. Kichaka kilichokatwa tukizungushie miiba, mbuzi wasimalize machipukizi.

3. Tupande mingine. Chuma matunda yaliyoiva, ondoa nyama yote, osha mbegu. Usiache nyama, kwa maana inazuia mbegu kuota. Panda mapema, maana mbegu hizi hazikai muda mrefu.

4. Mche mchanga upewe maji yasiyo na chumvi. Ukishakomaa, utavumilia wenyewe.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

- Vichaka vya mswaki karibu nasi vimeongezeka au vimepungua tangu tulipokuwa watoto?
- Nani wanaochimba mizizi? Je, tumeketi nao, pamoja na wazee wa kijiji, tukapatana?
- Kikundi chetu kitapanda miche mingapi msimu huu, na nani atailinda?

Mkikubaliana, andikeni kwenye kitabu cha kikundi. Neno lisiloandikwa husahaulika haraka.