Mashine ya Kukaushia Nguo Ikigoma Kuwaka

Umepakia shuka, umefunga mlango, umebonyeza, na mashine imekaa kimya. Usimwite fundi bado, na bisibisi iache ilipo. Hapa Basoko, kama huko Kisangani, mara nyingi kinachogoma si mashine bali umeme unaoilisha. Anza ukutani, uje kwenye waya, kisha mlango. Tumbo la mashine lifunguliwe mwisho.

Chomoa mashine, chomeka pasi kwenye soketi ileile. Usijaribu kwa chaja ya simu: chaja huridhika hata na umeme dhaifu, itakudanganya. Pasi ikipata moto haraka, soketi ni nzima. Isipopata, kaangalie disjoncteur, ile swichi ya usalama inayokata umeme. Kama imejikata, irudishe mara moja tu. Ikijikata tena papo hapo, kuna shoti mahali, acha kuilazimisha.

Sasa pima nguvu. Multimita ya bei ndogo sokoni inatosha. Umeme wetu unatakiwa kuwa karibu volti 220. Ukishuka chini ya 190, mota inaweza kukosa nguvu ya kuanza: utasikia mngurumo, pipa halizunguki. Chomoa upesi, maana mota inayonguruma bila kuzunguka inajichoma yenyewe. Kisangani, jioni kila mtu anapowasha, subiri usiku uingie sana. Saa ambazo umeme wa SNEL, kampuni ya taifa ya umeme, una nafuu ndizo za kukaushia.

Kama umeme wako unatoka kwenye jenereta, soma kibandiko chake. Mashine ya kawaida ya kukaushia hula wati 2,000 hadi 2,500, karibu zote kwa ajili ya joto. Kile kijenereta kidogo cha kuwashia taa na televisheni hakiwezi, hata ukikibembeleza. Tafuta cha kVA 5, na friji izime kwanza. Kwa sola, jihadhari na inverter za bei rahisi. Umeme wake haulainiki vizuri, na mota hunguruma tu.

Waya wa kuongezea ndio mchawi wa nyumba nyingi. Ukiwa mwembamba na mrefu, volti zinaishia njiani. Ushike baada ya dakika chache za kazi: ukiwa na joto mkononi, haufai. Chukua wenye shaba ya milimita za mraba 2.5, uwe mfupi iwezekanavyo, na usiuache umekunjwa. Au isogeze mashine karibu na soketi, ndiyo dawa ya bure.

Umeinunua mtumba? Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Kikisema 220-240V, 50Hz, endelea. Kikisema 120/240V, 60Hz, hiyo imetoka Marekani, na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Ndani yake joto hutumia volti 240, lakini mota na saa hutumia 120. Fundi akiunga nyaya kwa kubahatisha, mota inapata 220 na inakufa siku hiyohiyo. Transfoma ya kushusha inaweza kuisaidia, ila kwa 50Hz mota itazunguka polepole na kupata joto zaidi. Mimi nisingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Umeme ukiwa sawa, njoo mbele ya mashine. Kuna alama ya ufunguo au kufuli inayowaka? Hiyo ni kufuli ya watoto. Shikilia kitufe chake sekunde kadhaa mpaka alama izimike. Angalia pia kama mtu ameweka kuchelewesha kuanza: mashine inahesabu saa, haijaharibika. Yenye tangi la maji inaweza kukataa kuanza likijaa. Limwage, lirudishe mpaka likae sawasawa.

Fungua mlango, ufunge polepole, usikilize. Lazima pawe na mlio mdogo, tik. Usiposikika, safisha tundu la kitasa kwa kijiti kikavu. Nyuzi za nguo hujazana humo. Kama ulimi wa mlango umevunjika, swichi haijui kuwa mlango umefungwa, na mashine haitaanza. Usizibe tundu kwa kipande cha mti ili uidanganye swichi. Kuna watoto nyumbani.

Kuanzia hapa, waya utoke ukutani kabisa. Kuzima kitufe hakutoshi.

Ingiza mkono uzungushe pipa. Likiwa zito kidogo na linarudi taratibu, mkanda upo. Likizunguka jepesi kama baiskeli iliyotoka mnyororo, mkanda umekatika. Kwenye mashine nyingi kuna swichi inayoshikwa na mkanda huo, kwa hiyo ukikatika mota haianzi. Lisipozunguka kabisa, tafuta soksi au sidiria iliyopenya kati ya pipa na ukingo.

Mkanda wa zamani usiutupe. Una namba zilizoandikwa pembeni, mfano 1930 H7: urefu milimita 1930, mistari 7. Dukani omba courroie yenye namba hizohizo. Piga picha mkanda na kibandiko cha modeli kabla ya kuagiza. Kinshasa ni kama kilomita 1,700 kwa mto kutoka Kisangani, na kifaa kisicho sahihi kikipanda boti, kurudi kwake ni hadithi nyingine.

Halafu kuna fyuzi ya joto, kipande kidogo chenye nyaya mbili kwenye njia ya hewa moto. Kwenye mashine nyingi za Marekani ikikatika mota haianzi kabisa. Kwenye nyingi za Ulaya pipa huzunguka bila joto. Chomoa waya mmoja, gusisha multimita kwenye ncha mbili za fyuzi. Multimita ikilia, fyuzi ni nzima; isipolia, imekufa. Nunua nyingine yenye namba ileile. Usiunganishe nyaya moja kwa moja, hata fundi akikuambia amewahi kufanya hivyo mara nyingi. Fyuzi hiyo ndiyo inayozuia nyumba kuungua.

Na ujue imekatika kwa sababu. Karibu siku zote ni chujio na bomba la hewa vilivyoziba kwa nyuzi. Kwa unyevu wetu wa msituni nyuzi hizo hugandamana kama tope. Vitoe vyote, ondoa nyuzi zote, kausha. Ukibadilisha fyuzi bila kusafisha, utanunua nyingine. Chungulia nyuma pia: panya hupenda nyaya, na mende hupenda joto la ubao wa umeme.

Mota inayonguruma wakati volti ni nzuri na pipa liko huru, mara nyingi ina shida ya kondensa, ule mtungi mdogo ulioungwa kwenye mota. Hapo mwachie fundi. Kondensa hushika umeme hata baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaweza kukurusha. Wewe soma namba yake ya µF ili mpya iwe na namba hiyohiyo, na volti zisiwe chini ya zile za zamani.

Wakati unasubiri kifaa, anika nguo palipo na jua na upepo, au chini ya paa lenye upepo kama mvua haikomi. Usianike majanini wala kivulini penye mchanga. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Kabla ya kuvaa, piga pasi ya moto pande zote mbili. Pindo na mishono visiachwe, hasa za nguo za ndani na nepi za mtoto.