Mtoto Mwenye Ulemavu wa Akili: Nani Atamsemea?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya watoto ambao wengi wetu tunawajua kwa majina ya kubandikwa tu: zezeta, taahira, punguani. Sisi wauguzi tunaomba majina hayo yakome katika familia zetu. Tuseme mtoto mwenye ulemavu wa akili, mwenye mtindio wa ubongo, au mwenye usonji. Jina baya humtia mzazi aibu, mzazi mwenye aibu humficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hapati matibabu wala shule.

Ulemavu huu hautokani na laana wala uchawi. Wapo watoto waliochelewa kulia walipozaliwa kwa sababu uchungu ulikuwa mrefu na hewa haikufika vizuri kwenye ubongo. Wengine walipata manjano kali wakiwa wachanga, au malaria kali, au homa ya uti wa mgongo. Wengine wamezaliwa na tofauti katika chembe za urithi, na wapo ambao hata daktari hawezi kutaja chanzo. Bwana Yesu aliulizwa nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu (Yohane, sura ya 9), naye akalikataa swali lenyewe. Basi mama mkwe asimwulize mkamwana wake swali hilo.

Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe akitimiza miezi 9, au asiyetembea akifikisha miezi 18, apelekwe kliniki. Maneno ya "atatembea tu, hata babu yake alichelewa" yamepoteza miaka mingi ya watoto. Mkifika, mwombeni daktari aandike kwenye kadi au daftari la mtoto ugonjwa alioukuta, na mwulize mazoezi ya viungo yanapatikana hospitali gani ya karibu. Karatasi hiyo itunzwe vizuri, maana kila ofisi mtakayokwenda baadaye itaiulizia. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa kazi hii, lakini kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli, ulizeni kwanza hospitali ya wilaya.

Sasa tuje kwenye haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto mwenye ulemavu anastahili uangalizi maalumu, matibabu, na nafasi sawa ya elimu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka asome katika shule ya kawaida pamoja na wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya namna ya pekee. Sheria hiyohiyo imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ulizeni kama kijijini kwenu kamati hiyo ipo. Pengine ipo kwenye faili tu.

Tumeona mara nyingi mama anafika shuleni na mtoto wa miaka 8 mgongoni, anaambiwa hakuna mwalimu wa watoto wa namna hiyo, anarudi nyumbani akilia. Mama huyohuyo akirudi wiki ya pili pamoja na katekista, mwenyekiti wa jumuiya na wazazi wengine wenye watoto kama wake, anapewa kiti, na mazungumzo yanaanza. Hatusemi jambo hili ni zuri, ila ndivyo lilivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Jumuiya Ndogo Ndogo ni kuhesabu: kila jumuiya iandike ina watoto wangapi wa namna hii na wana umri gani. Mtoto mmoja ni rahisi kusahauliwa. Wakiwa sita katika kata, ofisi inaanza kufikiria darasa.

Anzeni kwa mwalimu mkuu. Asipoweza, nendeni kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu halmashauri. Pelekeni barua, nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Ombeni kitu kinachoeleweka: mwalimu aliyesomea elimu maalumu (Chuo cha Patandi, Arusha, kinawafundisha), au kitengo katika shule moja ya kata. Na tuzungumze kwa adabu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika si adui yetu. Yeye naye anahitaji mtu wa kumsemea.

Kuhusu fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kumwuliza masharti, hasa kama mzazi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake.

Misaada mingine haitoki ofisini. Fundi seremala wa parokia anaweza kutengeneza kiti chenye mgongo ulionyooka, mkanda na kimeza mbele. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, uji huingia kwenye mapafu, na nimonia za namna hiyo tunazipokea wodini kila mara. Aketishwe wima, apewe kidogo kidogo.

Halafu kuna suala la kamba. Wapo akina mama wanaomfunga mtoto mguu wanapokwenda shambani. Ni rahisi kumlaani mama huyo. Tumwulize kwanza nani mwingine angemwangalia mtoto asiangukie motoni. WAWATA wa jumuiya wakipanga zamu, siku mbili tu kwa wiki, kamba inaanza kufunguliwa.

Tuseme na jambo zito. Wasichana wenye ulemavu wa akili huvamiwa kwa sababu mvamizi anajua hawataaminiwa. Likitokea, asiogeshwe, apelekwe hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, apate dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Taarifa ipelekwe polisi na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Mambo haya hayamalizwi kwa kikao cha ukoo na mbuzi wa fidia.

Na wazazi wanaodhani mtoto wao hawezi kupokea Komunyo ya Kwanza wamwone Paroko. Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 umesema wazi kwamba mtu asinyimwe Sakramenti kwa sababu ya ulemavu.

Swali tunaloulizwa kuliko yote, tena kwa sauti ya chini, ni hili: "Sista, nikifa je?" Hatuna jibu moja. Tunachowaambia wazazi ni kwamba ukoo uzungumze wakiwa hai. Ijulikane ni shangazi au kaka yupi atakayekaa naye, na sehemu yake ya shamba iandikwe kwenye wosia mbele ya mashahidi. Afundishwe mapema kuoga, kuvaa na kuchota maji, hata kama itachukua miaka mitatu. Kama anatumia dawa ya kifafa, huyo shangazi aende naye kliniki tangu sasa, aijue dawa, saa yake, na dirisha inakochukuliwa.