Kabla hujaufuta mkato kwenye laibrari yako

Una laibrari ya Python ya kupiga hesabu za kahawa. Ndani kuna malipo(), na pembeni yake malipo_haraka(), mkato uliouandika usiku mmoja ukiwa umechoka kujaza vigezo viwili. Kazi ni ileile. Sasa unataka ya pili iondoke. Sawa, ila usiifute leo.

Kwanza hakikisha kweli zinafanana. Njia za mlimani za Umbwe na Machame zote zinafika kambi ya Barranco, lakini muulize mpagazi kama ni njia moja. Mimi hapa Moshi nilikuwa na mkato wa hivyo. Kumbe ndani ulikuwa unakadiria malipo hadi shilingi mia iliyo karibu. Ningeufuta bila kuangalia, malipo ya wakulima yangebadilika na hakuna ambaye angejua kwa nini. Pitisha kilo zilezile kwenye fanksheni zote mbili: 0, 37.5, gunia la kilo 60. Linganisha hadi senti.

Zikilingana, mkato ubaki mstari mmoja tu, unaoiita malipo(). Hesabu zisikae sehemu mbili.

Sasa tafuta wanaoutumia. Kwa msimbo wako, git grep -n malipo_haraka inatosha. Pekua na daftari za Jupyter. Watumiaji wa nje hutawaona wote, ndiyo maana unaweka onyo.

Onyo liandike kama unavyomwelekeza mgeni stendi: gari hili linaisha lini, apande lipi. “malipo_haraka() itaondolewa toleo la 3.0. Tumia malipo(daraja, kilo).” Weka stacklevel=2, ili onyo limwonyeshe mtumiaji mstari wake yeye, si wako. Na hapa wengi hukosea: DeprecationWarning kwa kawaida Python huificha, isipokuwa imetokea kwenye faili linaloendeshwa moja kwa moja. Kama wanaoendesha programu ni makarani wa chama cha ushirika, tumia FutureWarning. Hiyo wataiona.

Kisha subiri. Watu wa pandas walitangaza mwisho wa DataFrame.append katika toleo la 1.4, Januari 2022, wakaelekeza watu kwenye concat. Waliiondoa toleo la 2.0, Aprili 2023. Zaidi ya mwaka mzima, na manung'uniko hayakukosekana. Wewe mwenye watumiaji ishirini huhitaji muda huo wote, lakini wape angalau matoleo mawili yenye onyo. Na tafadhali, usiondoe kitu msimu wa mavuno, foleni ikiwa mizanini.

Siku ikifika, pandisha toleo kutoka 2 hadi 3.0, si 2.8. Futa fanksheni pamoja na majaribio yake.

Mfano ulio kwenye README usingoje siku hiyo. Ubadilishe jioni hiihii, maana hiyo ndiyo mistari watu wanayonakili bila kusoma.