Benki Holidei: Somo kwa Waliotua Tottenham

Ndugu wanafunzi, hasa mliofika juzi, somo la leo ni fupi lakini linagusa mfuko na tumbo.

Kwetu sikukuu ina sababu yake: Saba Saba, Mashujaa, Jamhuri, Idi. Hapa England huitwa "benki holidei" kwa sababu sheria ya mwaka 1871, iliyopelekwa Bungeni na Sir John Lubbock, mwenyewe mtu wa benki, ilitaja siku za benki kufungwa. Walianza na nne. Siku hizi kwa kawaida ni nane: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei, Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na tarehe 25 na 26 Desemba. Siku ya uhuru hakuna (wangeudai kwa nani?). Idi haimo. Na kuanzia Septemba mpaka Krismasi hupati hata moja, kwa hiyo muhula wa kwanza jipange.

Sasa, wabeba boksi wenzangu. Wengi tunadhani sikukuu ikifika, ama unapumzika na mshahara wako, ama unalipwa dabo. Sheria haisemi hivyo. Inakupa wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu humo humo. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata siku 28. Wewe wa siku tatu, 5.6 mara 3, ni 16.8. Dabo unaipata kama mkataba umeiandika, basi. Mimi mwaka wa kwanza nilipiga kazi Jumatatu ya Pasaka, zile pesa nimeshazitumia kichwani. Mkataba nilikuja kuusoma Jumanne.

Halafu Krismasi. Tarehe 25 London hakuna treni wala mabasi mekundu, na maduka makubwa hufungwa kisheria. Nilialikwa pilau Woolwich, ng'ambo ya mto. Natoka saa tano asubuhi, kituo kimefungwa, High Road kimya kama saa nane usiku! Nikarudi chumbani nikala mkate na chai ya rangi. Ukialikwa mbali, nenda tarehe 24 mapema ukalale huko, au uliza nani ana gari.

Mwaka huu napika mwenyewe. Mlio karibu mje kwa miguu, na sahani mje nazo.