Barua Itangulie, Bunduki Ifuate: Kuhama Kilolo na Silaha Yako kwa Kufuata Sheria

Tuchukulie mzee mmoja wa Kidabaga, wilayani Kilolo. Ni mwezi wa saba, baridi imeshika, mahindi yameshavunwa na njegere zimeuzwa. Mwanawe wa Dar es Salaam amempigia simu mara tatu: "Baba, njoo ukae na sisi. Huko kliniki ni mbali." Mzee amekubali. Magodoro yamefungwa kamba, gunia la viazi limeshonwa, picha ya harusi imezungushiwa khanga. Chini ya kitanda imebaki shotigani ya mitutu miwili aliyoimiliki kwa leseni miaka mingi, kwa sababu ya nguruwe pori na ngedere wanaotoka msituni kuingia shambani. Kijana wa gari anainama, anaiona, anauliza: "Na hii, babu, tuiweke wapi?"

Jibu la haki ni kwamba isiwekwe popote kwanza. Wengi wanaojikuta matatani kwa silaha zilizoanza kihalali hawakuwa na nia mbaya. Walidhani bunduki yenye leseni huhama kama kabati. Makala haya yameandikwa ili mzee wa namna hiyo, au binti yake anayemfungia mizigo, ajue la kufanya kabla gari halijawashwa.

Leseni imesimama juu ya nguzo nne

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Ukitaka kuielewa leseni yako, ione kama nyumba yenye nguzo nne: mtu anayemiliki, silaha yenyewe kwa namba yake, sababu ya kuihitaji, na mahali itakapokaa. Ulipoomba leseni, maombi yako yalianzia kwa viongozi wa kijiji na kata, yakapita kamati za ulinzi na usalama na polisi, hadi kwa msajili wa silaha. Wote hao walikuwa wakipima nguzo hizo nne.

Ukihama, nguzo mbili zinabaki, yaani wewe ni yule yule na bunduki ni ile ile. Nyingine mbili zimetikisika. Mahali pamebadilika, na mara nyingi sababu nayo imebadilika. Bunduki iliyoruhusiwa kulinda shamba la mahindi kando ya msitu wa Udzungwa inalinda nini kwenye chumba cha kupanga Kimara, jijini Dar es Salaam, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani? Afisa wa polisi atakuuliza swali hilo, na ni vizuri uwe umejiuliza mwenyewe kwanza.

Uzito wa jambo hili uonekane wazi. Kumiliki silaha bila leseni hushtakiwa chini ya sheria hiyo ya 2015 pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 kwa kosa hilo. Ni mizigo michache nyumbani kwako yenye gharama kama hiyo ikikosewa.

Anzia mezani kwako

Wiki kadhaa kabla ya kuhama, toa kitabu cha leseni na silaha, watoto wakiwa nje. Hakikisha bunduki haina kitu. Elekeza mtutu mahali salama, ifungue, angalia chemba zote mbili kwa macho, kisha pitisha kidole. Risasi ziweke chumba kingine kabisa.

Sasa isome namba iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja kwa sauti, mwenzako akifuatisha kwenye kitabu. Ifute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa maana kwenye bunduki ya zamani 3 iliyochakaa hufanana na 8, na 1 hufanana na 7. Tofauti ya tarakimu moja inaifanya silaha iliyo mkononi mwako kuwa si ile iliyo kwenye leseni. Ukiiona tofauti hiyo nyumbani, unakwenda kituoni kuomba isahihishwe. Ikionekana kwenye kizuizi cha barabarani usiku, unaanza kujieleza ukiwa chini ya ulinzi.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya leseni. Kama muda umepita au umekaribia, ihuishe kabla ya kuhama. Hesabu risasi, uandike idadi. Kama kitabu kimepotea au kimeliwa na mchwa, toa taarifa polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako, ufuatilie nakala. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa bunduki, daftari likipotea hata mwenye mali yumo hatarini.

Kituoni: sema kabla hujaulizwa

Nenda kwanza bila bunduki. Beba leseni, kitambulisho cha NIDA, na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza kwamba unahama na unakokwenda. Unaweza kuanzia kwa Polisi Kata, lakini neno la mwisho wilayani ni la ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yaani OCD.

Mazungumzo yenyewe hayatishi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Nahamia Dar es Salaam kwa kijana wangu. Nina bunduki ya leseni, nataka kujua utaratibu." Kwa sentensi hizo mbili umeshajiweka upande wa sheria.

Omba mambo matatu, yote kwa maandishi. La kwanza, taarifa ya kuhama iingizwe kwenye kumbukumbu za silaha. La pili, kibali au barua ya kusafirisha inayotaja jina lako, namba ya silaha, idadi ya risasi, unakotoka, unakokwenda na tarehe ya safari. La tatu, uelezwe ofisi ya kuripoti ukifika, na mkoa unaohamia upelekewe taarifa zako. Kama nyumba unayohamia haijawa tayari, uliza kama silaha inaweza kuhifadhiwa kwenye ghala la polisi mpaka utakapoifuata, na usiondoke bila hati ya mapokezi. Karatasi hiyo itunze kama hati ya kiwanja.

Njiani: kutoka Ipogolo hadi Morogoro

Silaha isafiri bila risasi, ndani ya mfuko au sanduku lililofungwa kwa kufuli, risasi zikiwa kwenye chombo chake mbali nayo. Mwenye leseni ndiye asafiri nayo. Usimpe dereva wa lori la mizigo, wala mpwa wako akutangulie nayo, kwa kuwa leseni yako haimlindi mtu mwingine. Ukipanda basi, waeleze wenye basi wakati wa kukata tiketi. Gari binafsi lina amani zaidi.

Ukishika barabara kuu pale Ipogolo, Iringa, kuelekea mashariki, utapita Lugalo, ambako Agosti 17, 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walilivamia jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Zelewski, wakamuua na kutwaa mamia ya bunduki. Tangu siku ile Uhehe unajua kwamba bunduki ikibadili mikono, mambo mengi hubadilika nayo. Ndiyo maana serikali zote hutaka kujua kila mtutu uko wapi na uko kwa nani.

Baada ya Ilula utateremka Kitonga, uvuke Ruaha Mbuyuni, kisha ufike mahali ambapo wengi husahau. Barabara hii inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali. Kwa hiyo ukiwa bado Kilolo, mwambie afisa wa polisi kwamba njia yako ni ya Mikumi, uulize kama unahitaji kibali cha hifadhi zaidi ya ile barua, na ukishaingia hifadhini usisimame, usishuke, usifungue mfuko. Kama kuna haja ya kuichunguza silaha, mwenye haja hiyo ni askari.

Kwenye kizuizi, zima injini, mikono ionekane, useme mapema: "Afande, nina silaha ya leseni, haina risasi, karatasi hizi hapa." Askari aambiwe na wewe kabla hajaigundua mwenyewe.

Kuna mzigo mwingine wa kukagua. Nyumba nyingi za wawindaji wa zamani zina ngozi ya chui ukutani, pembe ya pofu mlangoni, au jino la ngiri kwenye kopo. Kisheria, hizo ni nyara za serikali, na kuwa nazo bila hati ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Zisipande gari pamoja na bunduki. Waone maofisa wa wanyamapori wa wilaya kabla ya safari.

Kwa anayeruka kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, wasiliana na shirika la ndege mapema. Silaha hukaguliwa na kusafiri kwenye mizigo ya chini, kamwe si mkononi, na kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaweka ukomo wa kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, zikifungwa peke yake.

Ukifika

Kituo cha kwanza kiwe polisi, kabla ya kufungua magodoro kama inawezekana. Ripoti, wape nakala ya barua ya kusafirisha, omba anwani mpya iingizwe. Kisha jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hakikisha kabati la chuma lenye kufuli limefungwa ukutani kabla silaha haijalala hapo, risasi zikae mahali pengine, na ufunguo uwe mkononi mwako. Shambani ulikuwa na jirani mmoja mbele ya bonde. Mjini kuna watoto kumi wanaocheza nje ya dirisha lako.

Ukivuka mpaka

Leseni ya Tanzania inakoma mpakani, iwe Tunduma kuelekea Zambia, Kasumulu kuelekea Malawi au Namanga kuelekea Kenya. Unahitaji ruhusa ya Tanzania ya kutoa silaha nchini na ruhusa ya nchi unayokwenda ya kuiingiza, zote mbili mkononi kabla ya safari. Itifaki ya Nairobi ya 2004 ilizitaka nchi za ukanda wetu ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake, kwa hiyo ile namba uliyoisoma mezani itasomwa tena mpakani.

Kenya ni mfano wa jirani aliyekaza zaidi. Huko leseni ziko mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Mtanzania mwenye bunduki aliyopewa kwa sababu ya uwindaji akihamia Nakuru, sababu yake haivuki naye.

Ndugu zetu walioko Marekani wanakuta sheria zinazotofautiana jimbo kwa jimbo. Anayehamia California na silaha yake anatakiwa kuiripoti serikalini ndani ya siku 60. Aliyeko kwa viza ya masomo, kwa kawaida, sheria ya shirikisho inamkataza kabisa kumiliki silaha, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa. 

Kama bunduki haina karatasi

Wapo wanaohama na kukuta gobore la marehemu babu darini. Bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Msimamizi wa mirathi anapaswa kuikabidhi polisi, na mrithi anayeitaka aombe leseni kwa jina lake mwenyewe. Usiisafirishe hata kwa nia ya kwenda kuisajili huko uendako. Piga simu kituoni au mwite Polisi Kata, uelezwe namna ya kuikabidhi.

Serikali pia hutoa vipindi vya msamaha, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023, na Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu barani kote. Tangazo kama hilo likitoka, litumie siku za mwanzo.

Kama sababu imekwisha

Turudi kwa mzee wetu wa Kidabaga. Amefika kwa OCD, amesikilizwa vizuri, kisha ameulizwa lile swali: "Huko Dar es Salaam, mzee, utaitumia kwa nini?" Amenyamaza kidogo. Ngedere hawako Kimara. Anayebaki na shamba ni mkwewe.

Anazo njia za halali: kuikabidhi silaha polisi ihifadhiwe, kuiuza kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, au kuihamisha kwa mtu mwingine kupitia polisi. Mkwewe akiitaka, ataanza upya kijijini kwa jina lake, kwa sababu yake, na silaha itabaki ghalani mpaka leseni yake itoke. Kumwachia tu kwa mdomo, "utunze huo mtutu, mwanangu," kungemtia mkwe gerezani kwa ajili ya mapenzi ya mkwewe.

Siku ya safari gari limejaa. Yule kijana anachungulia tena chini ya kitanda, anakuta pameshafagiliwa. Mzee anagusa mfuko wa koti lake, ambamo hati ya mapokezi ya polisi imekunjwa mara mbili pamoja na kitabu cha leseni, anasema, "Twende, mjukuu wangu. Mzigo wangu mzito nimeshaukabidhi."