Jina la Maradhi na Kinga ya Jamii: Istilahi za Kiswahili kutoka Ndui hadi Korona

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kilivyoyataja maradhi ya kuambukiza tangu enzi za ndui na kipindupindu hadi janga la korona. Hoja kuu ni kwamba jina la ugonjwa ni sehemu ya kinga dhidi ya ugonjwa wenyewe. Jina linaloeleweka mapema humsaidia mtu kuchukua hatua. Jina linaloficha, linaloaibisha au linalochelewa hudhuru. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba istilahi za afya ziandaliwe kabla ya janga, wala si katikati yake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama onyo kwa mgonjwa msiri. Hata hivyo, ina upande wa pili ambao mwanafunzi wa lugha hana budi kuuzingatia: mtu hawezi kuufichua ugonjwa ambao hana neno la kuutajia.

Tarehe 31 Desemba 2019, mamlaka za mji wa Wuhan nchini Uchina zilitoa taarifa za nimonia ambayo chanzo chake hakikujulikana. Mnamo 11 Februari 2020, Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa huo jina rasmi, na mwezi mmoja baadaye, 11 Machi 2020, likautaja kuwa janga la dunia nzima. Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza tarehe 13 Machi 2020. Kufikia 5 Mei 2023, shirika hilo lilipotangaza mwisho wa hali ya dharura, vifo vilivyoripotiwa ulimwenguni vilikuwa takriban milioni 7. Makadirio ya shirika lilo hilo yanaonyesha kuwa vifo vilivyotokana na janga hilo, moja kwa moja au vinginevyo, vilifikia karibu milioni 15 katika miaka ya 2020 na 2021 pekee.

Katika majuma machache, mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili alitakiwa kuelewa msamiati ambao hapo awali ulikuwa wa madaktari. Je, lugha yake ilikuwa tayari? Ili kulijibu swali hili, ni muhimu kwanza kuitazama hazina ya kale.

2.0 Hazina ya Kale: Ndui, Tauni, Kipindupindu

Kiswahili hakikuanza kuyataja maradhi ya mlipuko mwaka 2020. Neno ndui ni la Kibantu, na lilitaja ugonjwa ulioua na kupofusha watu wengi katika sehemu nyingi za dunia. Tauni na waba yaliingia kutoka Kiarabu kupitia mawasiliano ya karne nyingi katika Bahari ya Hindi. Tauni ndiyo iliyoangamiza angalau thuluthi moja ya watu wa Ulaya kati ya 1347 na 1351. Ugonjwa uo huo ulizuka Nairobi mwaka 1902, mji ukingali mchanga, na mtaa wa maduka ya Wahindi ukateketezwa kwa moto ili kuukomesha.

Kipindupindu nacho ni mfano mzuri wa uradidi. Mzizi wake unasikika katika vitenzi kupindua na kupinduka, na kurudiwa kwake kunaashiria tendo linalojirudia. Msikilizaji hupata picha ya mwili unaopinduliwapinduliwa kabla hajaelezwa lolote kuhusu kutapika na kuhara. Ugonjwa huu ulipoingia Zanzibar mwishoni mwa 1869, ulikuwa umefuata njia za misafara ya bara kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani. Historia hiyo iliandikwa na James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, katika kitabu chake cha 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki.

Neno linalostahili kuangaliwa zaidi ni chanjo. Kuchanja ni kukata mikato midogo katika ngozi. Edward Jenner alipofanya jaribio lake nchini Uingereza mwaka 1796, alikwaruza ngozi ya mtoto na kumtia majimaji ya ndui ya ng'ombe ili kumkinga na ndui ya watu. Kwa hiyo, Kiswahili kilitaja kinga kwa tendo lililoonekana: mkato na kovu lake begani. Leo chanjo hutolewa kwa sindano, na ile ya polio hutiwa matone mdomoni pasipo mkato wowote, lakini neno limebaki. Huu ni upanuzi wa maana ulio dhahiri. Ushindi mkubwa wa chanjo ulipatikana jirani na Kenya: mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Mnamo Mei 1980 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru kutokana na ndui.

3.0 Maneno Yaliyovuka Bahari

Wapo wanaodhani kwamba katika uwanja wa tiba Kiswahili na lugha jirani hupokea tu, wala hazitoi. Ushahidi unapinga dhana hiyo.

Wenyeji wa pwani walikuwa na jina kidingapopo, au kidinga pepo kama Christie alivyolinukuu, la homa ya ghafla inayokaza viungo kwa maumivu. Ugonjwa huo ulipoenea Zanzibar mwaka 1870, wazee waliukumbuka kutoka mlipuko wa miaka ya 1820, ambao ulikuwa umeitwa kwa jina lilo hilo. Wataalamu wengi wanaamini kwamba neno dinga ndilo lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likakutana na neno la Kihispania linalofanana nalo, na hatimaye likawa dengue, jina linalotumiwa na madaktari wa ulimwengu mzima.

Mfano wa pili ni chikungunya. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetoka Kimakonde, likimrejelea mtu aliyepindwa mgongo kwa maumivu ya viungo. Mnamo 2004 ulizuka Lamu na kuwapata wakazi wengi wa kisiwa hicho, ukafika Mombasa, kisha Komoro na Réunion.

Hapa pana funzo lenye pande mbili. Majina hayo yalifaulu kwa sababu yalieleza alichokiona mgonjwa. Hata hivyo, jina linaloeleza dalili halielezi chanzo. Baadhi ya wataalamu wanaona kwamba kidingapopo cha 1870 huenda kilikuwa ugonjwa unaoitwa leo chikungunya. Ikiwa ni hivyo, jina lilisafiri na kuangukia ugonjwa mwingine wenye dalili zinazokaribiana nao. Kwa hivyo, muundaji wa istilahi anahitaji sikio la mwenyeji na darubini ya mtaalamu kwa pamoja.

4.0 Majina Yanayoaibisha na Majina Yanayoficha

Homa kuu ya 1918, ambayo inakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50, iliitwa homa ya Kihispania. Haikuanzia Uhispania. Nchi hiyo haikuwa vitani, hivyo magazeti yake yaliandika kuhusu ugonjwa huo ilhali ya nchi zilizopigana yalizuiwa. Aliyesema kweli ndiye aliyebandikwa jina. Nchini Kenya homa hiyo iliingia kupitia Mombasa mwaka 1918 na kupanda bara pamoja na reli.

Mwaka 1976, ugonjwa mpya ulipozuka Yambuku nchini Zaire, watafiti waliuita Ebola, jina la mto, ili kijiji kisibebe aibu hiyo daima. Mnamo 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo rasmi wa kuepuka majina ya mahali, ya watu na ya wanyama. Kwa msingi huo, jina rasmi la korona halikutaja Wuhan wala Uchina.

Aina ya pili ni majina yanayoficha. UKIMWI ulipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, watu wa Kagera waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa katika biashara ya mpakani. Wengine waliuita mdudu au miwaya. Nchini Tanzania herufi za jina la Kiingereza zilifasiriwa kwa dhihaka kuwa "Acha Iniue Dogedoge Siachi". Tasfida na mzaha huo vilipunguza hofu, lakini pia viliahirisha ukweli.

Istilahi UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ilibadilisha hali hiyo. Akronimu hii ina sifa tatu. Kwanza, inatamkika kama neno la kawaida. Pili, kiambishi chake cha mwanzo kinaiweka pamoja na nomino kama ukoma, upofu na udhaifu, hivyo upatanisho wake wa kisarufi haukuleta taabu. Tatu, na hili ndilo kuu, inaeleza kinachotokea: kinga ya mwili imepungua. Mtu aliyeielewa alikuwa tayari amepata somo la kwanza la ugonjwa huo.

5.0 Korona: Mtihani wa 2020

Mtihani wa korona ulionyesha nguvu na udhaifu kwa wakati mmoja. Nguvu ilidhihirika katika neno barakoa. Hapo kale lilikuwa jina la kifunika uso kilichovaliwa na wanawake wa pwani, hasa wa tabaka la juu. Mwaka 2020 lilifufuliwa na kupewa kazi mpya, likatumiwa na watangazaji, madereva wa matatu na watoto wa shule. Vilevile, Watanzania walipata vitakasa mikono kutokana na kitenzi kutakasa, ilhali Wakenya wengi waliridhika na utohozi, sanitaiza.

Udhaifu ulionekana penye tafsiri sisisi. Umbali wa kijamii ni mfano mmojawapo. Katika jamii ambayo ujirani, msiba na harusi ndivyo maisha yenyewe, agizo la kuweka umbali wa kijamii lilisikika kama agizo la kuvunja udugu. Kilichotakiwa ni nafasi kati ya miili. Kusema "msikaribiane" kungetosha. Mfano mwingine ni chanya. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili hubeba jambo jema. Mgonjwa anapoambiwa matokeo yake ni chanya, anaweza kushangilia habari mbaya. "Umepatikana na virusi" ni ndefu zaidi lakini haina utata.

Jambo zito zaidi linahusu kitenzi kutenga. Katika Kiswahili, kumtenga mtu ni kumwadhibu: jamii humtenga mchawi na mvunja miiko. Watu walipoelezwa kwamba wagonjwa na waliokutana nao watatengwa, kauli ya kutendwa ilimfanya mgonjwa aonekane mshtakiwa. Kiambishi kirejeshi kinaleta maana tofauti kabisa: anayejitenga anatenda kwa hiari, tena kwa ajili ya wenzake. Tofauti ya kutengwa na kujitenga ni ya mofimu tu, lakini yaweza kuwa tofauti ya mtu anayejitokeza kupimwa na anayejificha. Wala dhana yenyewe si ngeni. Neno karantini lilizaliwa na hesabu ya siku 40, baada ya bandari za Ulaya kuanza kuwazuilia wasafiri kwa hofu ya tauni. Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, ilianza na siku 30 mwaka 1377. Mswahili naye ana arubaini ya mzazi, siku ambazo mama na mtoto hukaa ndani wakitunzwa. Kukaa kando huku mtu akipendwa ni jambo ambalo utamaduni wa pwani unalijua vyema. Mfano huo ungeweza kutumiwa.

Aidha, amri ya kutotoka nje usiku, iliyodumu Kenya kuanzia 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021, iliitwa kafyu. Kafyu ni neno la askari, si la tabibu. Lilimkumbusha raia rungu kabla ya kumkumbusha afya.

Je, UVIKO-19? Akronimu hii, iliyoenea hasa Tanzania, imeundwa kwa ustadi: Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Kimofolojia inafuata nyayo za UKIMWI. Hata hivyo, haielezi ugonjwa unafanya nini mwilini, na iliwafikia watu korona ikiwa imekwisha kukaa ndimini mwao. Istilahi nzuri iliyochelewa hushindwa na ya kawaida iliyowahi.

6.0 Usanifu na Usikivu

Haifai kudhani kwamba Kiswahili sanifu pekee kinatosha. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, zaidi ya watu 2,200 walifariki. Wakazi wengi wa huko huzungumza Kiswahili cha Kongo pamoja na lugha kama Kinande. Kwao, Kifaransa cha daktari na Kiswahili cha vitabu vya Afrika Mashariki vyaweza kuwa vigeni karibu sawasawa. Istilahi haina budi kujaribiwa katika masikio ya watumizi wake, sokoni na zahanatini, kabla haijapigwa mhuri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili hakikukosa maneno mwaka 2020. Kilikuwa na hazina ya ndui, tauni na kipindupindu. Kilikuwa na kielelezo cha UKIMWI. Na kilichangia jina linalotumiwa ulimwenguni kote. Kilichokosekana ni maandalizi. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inampa kila raia haki ya kupata habari. Haki hizo mbili hukutana katika tangazo la hospitali.

Kwa hivyo, inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na vyuo vya tiba kuandaa faharasa za maradhi ya kuambukiza wakati huu wa utulivu, zizijaribu nyanjani, na kuzifikisha katika redio. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali: akaketi katika kituo cha afya cha kijijini kwao na kusikiliza mgonjwa na muuguzi wanavyoelewana, au wanavyoshindwa kuelewana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Janga lijalo halitangoja kamati ya istilahi ikutane.