MISTARI MIWILI MIWILI YA MAHINDI NA KUNDE

Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, kupanda maharagwe kati ya mahindi ni desturi ya zamani, kwani mwenye eka moja hana nafasi ya kulitengea kila zao konde lake. Desturi hiyo ni njema. Lakini mara nyingi mkulima huvuna mahindi ya kutosha na maharagwe ya kujaza kikapu tu, naye hudhani kwamba mbegu ni mbaya. Upungufu mkubwa huwa ni wa mwanga. Mahindi yakisha kufika kiunoni, maharagwe hukaa kivulini, hurefuka bila nguvu na kuzaa maganda machache.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la SACRED Africa lilieneza huko Bungoma upandaji ulioitwa MBILI. Kwa kawaida mistari ya mahindi huachana sentimita 75. Katika MBILI, mistari miwili husogezwa ikaachana sentimita 50, kisha huachwa nafasi ya sentimita 100 kabla ya jozi nyingine. Katika nafasi hiyo hupandwa mistari miwili ya kunde, ikiachana sentimita 33. Aogopaye kupunguza chakula na apige hesabu: 50 na 100 ni 150 kwa mistari miwili, yaani 75 kwa kila mmoja. Mashina ya mahindi ni yale yale, karibu 18,000 kwa eka iwapo shina na shina huachana sentimita 30. Yafaa itumike kamba yenye mafundo, maana macho hudanganya. Mazao yote hupandwa pamoja mvua za Machi zianzapo. Kuchelewesha kunde ni kuzirudisha kivulini.

Nafasi hiyo yenye mwanga huzifaa hata njugu karanga, ndengu na soya. Hapo ndipo penye faida, kwani gunia la njugu hupata bei kupita la mahindi, na karo ya shule hailipwi kwa ugali.

Tena mizizi ya kunde ina vinundu vyenye vijidudu vitwaavyo naitrojeni hewani. Mkulima aweza kung'oa mche mmoja wakati wa maua na kupasua kinundu: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Mahindi ya msimu huo hupata kidogo tu. Rutuba hiyo huwa hasa ya zao lifuatalo, nayo hupotea majani na mashina yakichomwa. Fosforasi, ambayo ni haba katika udongo mwingi wa magharibi, hailetwi na kunde. Aachaye mbolea ya kupandia kwa kutegemea maharagwe huvuna haba mazao yote mawili.